Gogo la Baba na Ngozi za Sungura

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yako, na kwamba duka lako la mikoba bado linakuchosha kama unavyopenda. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Magoti yanamsumbua, ila mdomo uko salama. Watoto wameshahama wote, na chumba chao sasa kinanuka vibaya sana. Hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Simu zangu hupokei, nami sikulaumu, ndiyo maana nimenunua stempu. Mama wa posta alizitafuta kwenye droo dakika kumi nzima, kisha akaniuliza kama nina hakika.

Nimestaafu. Miaka thelathini na mmoja masjala, nikigonga mihuri kwenye mafaili ya watu, na siku ya kuniaga wakanipa saa ya ukutani ili nione vizuri jinsi muda unavyopita nikiwa sina la kufanya. Mwezi wa kwanza nilipanga vyakula vyote vya jikoni kwa kufuata alfabeti. Wifi yako akatafuta chumvi mpaka akakata tamaa, akaenda kununua sungura sita, akaniambia, "Kashughulike na hawa, uniachie jiko langu." Sasa wako thelathini na wanne. Tunakula sungura, majirani wanakula sungura, na daktari wa mifugo akija kuwatibu huondoka na mmoja kwenye mfuko. Lakini kila ninapotupa ngozi shimoni roho inanisuta. Baba asingetupa hata sikio.

Kwa hiyo nimeamua kutengeneza ngozi. Cheka kwanza, nitasubiri.

Ya kwanza niliipaka chumvi, nikaifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikasafiri siku nne. Niliporudi manyoya yalitoka yote kwa mkupuo mmoja, nikabaki nimeshika kitu chenye upara kama wangu. Ya pili niliianika juani ili isioze. Ikakauka, ikawa ngumu kiasi kwamba wifi yako aliigonga kwa kidole akasema hodi. Nina kijitabu cha wafugaji, lakini aliyekiandika anadhani msomaji wake ana akili.

Wewe ndiye pekee uliyebaki unayejua dawa ya Baba ya kutengenezea ngozi. Naomba uniandikie.

Nilikuwa nimeapa kutolitaja lile gogo katika barua hii. Naona nimeshalitaja, basi nimalize. Ni kweli kwamba wiki moja baada ya kumzika Baba nilimpa seremala gogo lake la kukwangulia ngozi alipasue kuni, maana kwangu lilikuwa gogo tu lililolala uani. Ni kweli ulikuwa kwenye kikombe cha pili cha chai ulipouliza liko wapi, nami nikakuonyesha jiko. Ni kweli niliomba radhi huku nacheka. Ulikuwa woga, Dada, lakini nadhani ulisikia kicheko tu. Miaka sita imepita hujaniambia neno.

Sikuombi uje, wala sikuombi unisamehe. Naomba dawa ya ngozi tu.

Hiyo sentensi ya mwisho si kweli, ila nimeshaiandika kwa wino.

Mdogo wako,
Mashoto


20 Machi

Dada,

Shikamoo tena. Labda barua ya kwanza ilipotea njiani. Labda ilifika, ukaitumia kuwashia jiko, na hapo tutakuwa sare.

Hali zetu si mbaya. Wifi yako amehamia chumba cha mbele kwa sababu ya harufu, anasema ni kwa muda. Ngozi ya tatu niliifanya kwa uangalifu mkubwa sana. Niliitandaza juu ya ubao wa kupigia pasi, nikaikwangua kwa kijiko kwa muda wa saa mbili, nikiwa na furaha kabisa, mpaka nilipoona ua la kitambaa cha ubao likichungulia kupitia tundu. Kisha tundu la pili. Ya nne ilichukuliwa na mbwa wa jirani, na jirani akaja kulalamika kwamba mbwa wake anaumwa tumbo.

Kama hutaki kuniandikia, niandikie kwamba hutaki. Nitaitunza hiyo barua pia.

Mashoto


4 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zilifika. Jiko langu ni la gesi.

Mwandiko huu ni wa binti yangu. Mikono yangu ina kazi, kwa hiyo mimi nasema na yeye anaandika. Nimemwambia asiongeze lake. Hatujambo.

Sasa sikiliza. Ngozi iliyofungwa kwenye plastiki huoza, na iliyoanikwa juani huwa bati. Hayo ulikuwa unayajua ukiwa na miaka saba, sijui masjala walikufanya nini. Mchune sungura akiwa bado na joto, ngozi itoke nzima kama soksi, kisha ipasue tumboni. Ioshe kwa maji baridi na sabuni. Chukua ndoo ya plastiki, si ya chuma. Maji lita nne, chumvi vikombe viwili, shabu kikombe kimoja. Shabu ni yale mawe meupe ambayo kinyozi anakupaka kidevuni akikukata. Loweka siku mbili, kisha itoe ukwangue. Utaona utando mwembamba upande wa ndani. Usiuchimbe. Ukishaanza kulegea, uvute kwa vidole kuanzia mkiani, utatoka wote kama ganda la yai lililochemshwa. Irudishe ndooni siku saba, ukiigeuza asubuhi na jioni. Isuuze, ianike kivulini. Ikiwa imekauka nusu, ivute juu ya mgongo wa kiti, huku na huku, mpaka iwe laini. Kazi hiyo ni ya siku nzima. Hapo ndipo wavivu wote hushindwa, na wewe utashindwa hapo.

Ubao wa pasi mrudishie mwenyewe. Tafuta gogo. Liwe la mviringo, lisilo na fundo hata moja, na ukiliegemeza likufikie kitovuni.

Kuhusu mengine uliyoandika, sina la kusema.

Dada yako


29 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nilipoona bahasha nilikimbia nayo mpaka kwa wifi yako, nikasahau kwamba nilikuwa nimeshika kisu, naye akapiga kelele iliyowatoa majirani nje. Magoti yake, tumegundua, bado yanaweza kukimbia.

Niseme ukweli, ule mwandiko wa binti yako uliniuma. Niliusoma nikasema, Dada hataki hata kunishikia kalamu. Kisha nikajiambia kwamba mtu aliyechemsha chai kwa gogo la baba yake hachagui mwandiko.

Nilifuata maneno yako yote kama amri ya mahakama. Kinyozi aliniuliza shabu yote hiyo ni ya nini, nikamwambia nina ndevu nyingi. Utando ulitoka kama ulivyosema, Dada, wote mzima, kuanzia mkiani. Nilikaa nao mkononi kama mjinga. Na siku ya kuvuta nilivuta kuanzia asubuhi mpaka adhana ya jioni, mabega yakaniuma mpaka nikashindwa kuvua shati, lakini usiku ule nililala na ngozi ya kijivu juu ya mto, laini kama kitambaa. Wifi yako alikuja kuitazama. Aliishika mara mbili.

Sasa ninazo kumi na moja, na sijui nizifanyie nini. Nilishona kofia. Nilipoivaa, sungura walikimbilia kona ya banda wakakataa kula. Nilishona ndara, manyoya yakaisha siku ya tatu. Nikashona mfuko wa miwani, na sasa kila nikivaa miwani naona manyoya. Kifuko cha kuwekea saa ya masjala ndicho pekee kilichofanikiwa, kwa sababu kinazuia mlio wake.

Gogo nimelipata. Walikuwa wanakata miti kupanua barabara, nikawaomba kipande. Wanaume watatu walinisaidia kulibeba na wote walitaka kujua ni la kazi gani. Nimeshalibandua gome na ninalisugua kwa vipande vya chupa. Ni jeupe mno. La Baba lilikuwa jeusi na linang'aa pale lilipogusana na tumbo lake. Ninalo tumbo, muda ndio sina.

Unakumbuka alivyonifukuza? Nilishika kisu kwa kushoto, ngozi ya mbuzi ikapasuka toka shingoni mpaka mguuni, akasema, "Mashoto, wewe nenda kasome." Wote mkacheka, na jina likabaki. Nilisoma, nikapata kazi ya kukaa. Lakini kila jioni nilikuwa nawaona wewe na yeye pale uani mkiinama pamoja, na wivu ulikuwa unanila. Sijawahi kumwambia mtu hayo. Labda ndiyo maana sikulitambua lile gogo. Sikuwahi kukaribishwa karibu nalo.

Niambie basi, nitengeneze nini?

Mashoto


17 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Binti yangu alisoma ile habari ya kofia akashindwa kuendelea, ikabidi nimsubiri.

Ngozi ya sungura ni nyembamba. Haifai kukaliwa wala kukanyagwa, na si ya kumwekea mtu kichwani kama umri wake umeshafikia kustaafu. Hiyo huwekwa ndani, manyoya yaguse mwili. Kola. Bitana la koti. Glavu. Huku kwetu asubuhi baridi inang'ata vidole mpaka jua lipande, kwa hiyo najua ninachosema. Si kwamba naomba.

Ukishona glavu usikate gumba ubavuni kama mtoto anavyochora mkono. Kata tundu la gumba kwenye kiganja, kisha ushonee kidole chake peke yake. Vidole vinne vikae pamoja, hutaweza kuvitenganisha. Chora kwenye karatasi ngumu. Ukimaliza kukata kiganja cha kwanza, geuza karatasi ndipo ukate cha pili. Usisahau kugeuza. Sindano iwe ya pembe tatu, na uzi uupake nta.

Mikono yetu yote ni ya Baba, mipana. Pima kwa wako.

Kuhusu wivu wako, sikujua. Niishie hapa, binti anataka kwenda kazini.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Sitaandika mengi, kifurushi kitajieleza.

Nimefumua mara nne. Nimejichoma sindano mpaka wifi yako akaniuliza kama ninashona ngozi ya sungura au yangu. Ngozi nilizochagua ni zile mbili za kijivu, ile ya kwanza kabisa niliyolala nayo na mwenzake. Nilizijaribu zote mbili kabla ya kufunga, zinakaa vizuri na gumba lipo panapotakiwa. Geuza karatasi, ulisema, nami niligeuza.

Baba angeona mshono wangu angezirudisha sokoni. Lakini manyoya ni mazima, hayanyonyoki, na hakuna tundu hata moja.

Usipozivaa sitajua. Ukizivaa naomba unidokeze.

Mashoto


19 Julai

Mdogo wangu,

Umejuaje?

Nilimfokea binti yangu nusu siku. Nilisema, nani mwingine angemwambia, wewe ndiye unayeshika kalamu. Ameapa kwa kila kitu mpaka akalia, ikabidi mimi ndiye niombe radhi, na unajua nisivyopenda kuomba radhi.

Basi kwa kuwa umeshajua, niseme mwenyewe. Novemba iliyopita niliamka nikakuta mkono wa kulia umelala na hautaki kuamka. Daktari alisema ni kiharusi kidogo. Kikubwa sijui kikoje. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi, kama unavyosikia. Mkono haukurudi. Nilikuambia mikono yangu ina kazi. Uongo. Duka limefungwa miezi minane, mashine nimeifunika shuka, na mimi nakaa dirishani kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Sikutaka ujue. Sikutaka mtu aliyenikosea aje kunionea huruma, nikalazimika kumsamehe kwa sababu ya ugonjwa.

Halafu kinakuja kifurushi chako. Glavu mbili, zote za mkono wa kushoto.

Mtu mwingine angeniletea jozi, na ile ya kulia ningekuwa naitazama kila asubuhi juu ya meza. Wewe umeniletea ya kuvaa na ya akiba. Hukuuliza, hukunipa pole, wala hukuandika neno kuhusu mkono. Sijalia tangu Novemba, hata siku ile yenyewe. Nililia nilipoivaa.

Sikukujua, Mashoto. Nilidhani wewe ni mtu wa kucheka tu.

Dada yako


27 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Niliisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni, kisha nikampa wifi yako. Alisoma, akafuta macho, akasema, "Mwache aamini hivyohivyo. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yako umeonekana mwenye busara."

Nimekaa na ushauri huo siku mbili, na ni mtamu. Nilijiona kabisa nimekaa sebuleni kwako, mpole, mwenye kujua mambo bila kuambiwa. Lakini kitu cha mwisho nilichokuficha nyuma ya kicheko kilinigharimu miaka sita.

Sikujua, Dada. Nilikosea.

Niligeuza karatasi kama ulivyosema. Halafu, kwa bidii, nikageuza na ngozi. Kiganja cha kwanza nilikichora upande wa nyama, cha pili upande wa manyoya. Ukigeuza mara mbili unarudi ulikotoka, hata mtoto anajua, ila aliyegonga mihuri miaka thelathini na mmoja hajui. Na usiniulize mbona sikuona nilipozijaribu. Nilivaa ya kwanza mkono wa kushoto, ikanikaa. Nikaivua, nikavaa ya pili mkono wa kushoto, nayo ikanikaa. Mkono wangu wa kulia sikuukumbuka. Ni nani aliyewahi kuuomba ufanye kitu?

Basi usinipe sifa. Hiyo siyo busara, ni umashoto ule ule uliopasua ngozi ya mbuzi.

Na sasa nitasema jambo jingine, na ninaliandika taratibu ili uone kwamba sicheki. Nisamehe gogo la Baba. Lilikuwa la kwako, wewe ndiye uliyeinama naye pale, nami nililichoma kwa sababu sikujishughulisha kuuliza. Ulikuwa sahihi kukasirika. Ningependa usinisamehe kwa sababu ya mkono wala kwa sababu ya glavu. Kama kuna kunisamehe, iwe kwa sababu nimekuomba.

Pole, Dada. Pole sana na mkono. Miezi minane ukiwa dirishani, na mimi nakuandikia habari za kofia.

Gogo langu limekwisha. Bado ni jeupe, lakini ni laini, ukipitisha kiganja halikwaruzi. Limesimama uani na halina mtu wa kulitumia anayejua kazi. Ungesema neno, ningelileta.

Mashoto


11 Agosti

Mashoto,

Marahaba. Hii naandika mwenyewe, kwa kushoto. Binti kaenda kazini. Nimeanza baada ya chai ya asubuhi na sasa ni mchana.

Herufi zinaangukia upande. Wino nafuta kwa kiganja kila ninapopita. Hivi ndivyo ulivyokuwa unaandika, na sisi tukicheka? Baba alikosea kukufukuza. Mimi nilikuwepo nikacheka, nami nilikosea.

Niliposoma kwamba uligeuza na ngozi, nilicheka mpaka jirani akaja mbio akidhani kiharusi kimerudi. Glavu nimevaa. Ile ya akiba sitoi kwa mtu.

Umeniomba, nimesikia. Imekwisha.

Lete gogo. Mlango tumeupima, litapita likilazwa. Kisu cha Baba ninacho mimi, kile cha mipini miwili, nilikichukua siku ile ile ya chai, kabla hujakipa seremala. Hakishikiki kwa mkono mmoja, nimejaribu. Mpini wa kushoto nitaushika mimi. Wewe utashika wa kulia, kwa hiyo anza kujizoeza.

Wifi aje na magoti yake. Chai nitapika mwenyewe.

Jiko bado ni la gesi.

Dada